Tangu Saa Nne Mpaka Saa Sita

Machimboni, Geita
7 Machi 1976

Dada Klara mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Huku mimi sijambo, ni mafua tu ya vumbi la mawe, nayo nimeshayazoea. Hofu ni kwenu hapo Ushirombo: baba, mama, wewe na wanao wawili. Mbona kimya? Au wino umekauka?

Dada, kaa kitako nikusimulie. Katika shimo letu tunachimba watu sita, na mmoja ni Masele, Msukuma wa Shinyanga, mtu wa miraba minne. Jumatano alikuwa anavuta kamba ya ndoo ya mawe, mara akaiachia, akaanguka chali. Nikaweka sikio kifuani: kimya. Hapumui, macho yanatazama juu. Wenzangu wakaanza kuvua kofia. Mimi nikakumbuka huduma ya kwanza tuliyofundishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Nikapiga magoti, kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, tena na tena, na kila baada ya muda nikambana pua nikampulizia pumzi mdomoni. Watu wakasema Athanas kachanganyikiwa, anabusu maiti. Mbavu zikalia. Sikuacha. Yule mtu alikuwa maiti tangu saa nne mpaka saa sita, jua la utosi, ndipo akakohoa, akauliza, "Nani kanikalia?"

Tulimpeleka hospitali kwa lori la Jashvant, mwenye duka la unga hapa. Daktari alinipa mkono mbele ya watu. Masele sasa anakula kama kawaida, analalamikia mbavu tu. Msomee baba barua hii polepole, asikie habari za yule mwanawe aliyekuwa akimwita mvivu.

Ndimi mdogo wako,
Athanas


Ushirombo
28 Machi 1976

Mdogo wangu Athanas,

Milele amina, na marahaba. Sisi wazima, ila habari za baba nitakueleza huko chini. Wino haukukauka, bwana. Aliyekauka ni mwandishi, kwa palizi ya pamba.

Barua yako hapa imesomwa kuliko nyaraka za Mtakatifu Paulo. Baba nimemsomea mara tatu, kisha akaikunja akaitia mfukoni mwa koti, na kila apitaye njiani anaitwa asomewe. Jumapili baada ya misa alimsimamisha hata katekista. Mama hasemi mengi, lakini anaimba jikoni. Mimi nilitaka kukucheka, maana nakujua, chatu wote uliowaona utotoni walikuwa warefu kuliko kanisa. Lakini nikasema, hapana, kuhusu uhai wa mtu hawezi kufanya mchezo.

Jana alikuja yule mama mjane wa ng'ambo ya mto. Alimzika mwanawe kabla ya Noeli, akataka kujua kama wewe unaweza. Nikamwambia aliyeko kaburini hapana. Akaniuliza, na asiyezikwa bado?

Sasa baba. Tangu mwezi uliopita akipanda kutoka kisimani anapumzika mara mbili. Anasema kuna kitu kizito kifuani. Hospitali ya misheni hataki hata kuisikia, anadai daktari wake yuko Geita. Njoo Pasaka umwone, tafadhali. Hatakusikiliza kwa barua.

Dada yako,
Klara


Machimboni, Geita
19 Aprili 1976

Dada Klara,

Shikamoo. Afya ninayo, raha sina. Najua Pasaka imepita jana na mlitenga sahani yangu. Tumefikia mwamba wenye dhahabu, na anayeondoka sasa akirudi hakuti nafasi yake. Nisamehe.

Na kuna jingine. Wiki iliyopita walikuja watu kutoka Nkome, huko ziwani, kunichukua. Mvuvi alizama, wakamwopoa kesho yake. Nikakataa, wakanibembeleza mpaka nikaona haya, nikaenda. Nilimkandamiza yule mtu mbele ya mkewe mpaka mikono ikafa ganzi, na nilijua tangu mwanzo nahangaika bure. Mkewe hakulia. Alikuwa ananisubiri nimalize. Nilipoacha akaniuliza, "Mbona Masele ulimweza?" Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mwambie baba aende hospitali ya misheni, asinisubiri. Mwambie ni amri ya daktari wake wa Geita, labda atacheka akaenda. Ile habari ya Masele nitawaeleza vizuri nikija, kuna mambo sikuyaweka sawa. Kwa barua ni marefu.

Mdogo wako,
Athanas


Ushirombo
4 Mei 1976

Athanas,

Salamu baadaye. Baba ameanguka leo saa moja asubuhi, hapa uani, akifunga kamba za viatu aende hospitali kama ulivyoagiza. Nilikuwa kando yake. Nilimshika mkono nikamwita, mama akakimbilia mtungi akammwagia maji. Hakuitika. Hapumui.

Hatujamzika. Baba mdogo Marcelino anataka tuzike kesho, lakini mama amekaa mlangoni, hapitishi mtu mwenye jembe. Anasema mwanangu alimrudisha mtu wa saa mbili, tena si wa damu yake, atashindwaje na baba yake? Nami nasema hivyo hivyo. Tumemlaza chumba cha nyuma penye ubaridi.

Dereva wa Jashvant, aliyekuja huku kununua mahindi, anaondoka sasa hivi na ameahidi kesho mchana barua hii itakuwa mkononi mwako. Rudi na lori hilo hilo. Usingoje kula wala kubadili nguo. Njoo.

Dada yako,
Klara


Ushirombo
7 Mei 1976

Mdogo wangu,

Pole na sisi tumepoa. Sijui uko wapi, sijui kama una habari. Tumemzika baba jana jioni.

Tulikusubiri siku ya kwanza, tukakusubiri na ya pili. Kila mlio wa gari mama alisimama. Jana asubuhi hapakukalika tena mle chumbani, Padre akaja, akamwambia mama kwa upole kwamba imetosha. Mama akanigeukia. "Klara," akasema, "wewe si umeisoma barua?"

Nikaitoa mfukoni mwa koti la baba, nikampa baba mdogo anisomee mstari kwa mstari. Nikapiga magoti. Kiganja juu ya kiganja, katikati ya kifua. Nikambana pua nikampulizia. Nilianza saa nne nikaenda mpaka saa sita, kama ulivyoandika. Wanangu walikuwa dirishani, hakuna aliyekumbuka kuwaondoa. Nilisikia ubavu wa baba ukivunjika na sikuacha, maana nawe hukuacha. Saa sita mama mwenyewe akanishika mabega.

Niambie nilikosea wapi. Mama anasema pengine nilikandamiza chini mno, na hasemi kwa ubaya. Silali, Athanas. Nataka kujua tu.

Dada yako,
Klara


Machimboni, Geita
13 Mei 1976

Dada yangu,

Barua zako zote mbili nimezipata leo kwa mkono mmoja. Lori lilikwama kwenye tope njiani, lilikaa siku nane, na ile ya pili ilimkuta dereva huko huko. Nimelia mbele ya dereva, naye hakujua kwa nini.

Hukukosea mahali popote. Masele hakukaa maiti saa mbili. Alianguka saa nne, nikaanza pale pale, akakohoa hata jasho halijanitoka. Dakika tano, pengine hazikufika. Saa sita ndipo alipoweza kukaa na kunywa uji, mimi nikaunganisha. Nilitaka baba afurahi, na habari ya dakika tano niliiona fupi. Daktari alinieleza siku ile ile: moyo ukisimama, dakika kumi zikipita hakuna wa kumrudisha. Nilitaka kukuambia baada ya Nkome, aibu ikanishika.

Kwa hiyo siku ya tatu ile hata madaktari kumi wasingeweza. Ulifanya kila kitu sawa.

Hapa nimechana karatasi mara tatu. Kama nakuondolea lawama ya siku ile, lazima nikuambie na hili. Wakati wa baba ulikuwa ule uliomshika mkono. Si kosa lako, hukujua, na wa kukujulisha nilikuwa mimi. Wengi hawarudi hata ukiwahi, daktari kaniambia hivyo pia. Lakini ungejaribu. Nimekunyima hata kujaribu.

Nataka kuja kupiga magoti mbele ya mama. Nijibu, nije?

Mdogo wako,
Athanas


Ushirombo
6 Juni 1976

Athanas,

Sisi wazima. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki mbili, kila nikishika kalamu naiweka chini.

Mama aliuliza imesemaje. Nilimwambia umeandika kwamba lori lilikwama. Hilo limempa nguvu. Wanaokuja kutupa pole anawaambia tope ndilo lililomwua mumewe, la sivyo mwanawe angewahi. Usije sasa. Ukija utamwambia kweli, na akishaondoa lawama kwenye tope hana pa kuiweka ila kwako, au kwangu.

Mimi nimekukasirikia, sikufichi. Pia nakuonea huruma, na vyote viwili vinanichosha. Nikifua nguo napiga hesabu: alianguka, nikamwita, mama akaenda kwenye mtungi, akarudi, akammwagia, tukamwita tena. Muda wote huo mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika wake, na wa pili haukuwa na kazi.

Sasa niandikie upya. Mikono inakaa wapi hasa, kifua kishuke kiasi gani, pumzi ngapi, na mtu aanze lini. Andika kama ilivyo, na kama hujui neno moja, muulize yule daktari kwanza. Nyumba hii bado ina watu wanne.

Dada yako,
Klara