Kupe Nyuma ya Jiko

“Kupe wa ugonjwa huo hawaishi kwenye baridi kama ya huko kwenu, dada. Mbwa wa jirani yako kalishwa sumu.” Hayo ni maneno yako, mdogo wangu, nilipokuuliza kama mbwa wa jirani kafa kwa homa ya kupe, na kabla sijayachanachana nakusalimu kwanza. Hujambo? Wifi je, na wanao? Mimi mzima, ila goti limekuwa bishi kama mwenyewe.

Nilikuamini, maana daktari wa mifugo ni wewe. Mimi kazi yangu kugombana na watu magazetini. Kisha mbwa wangu naye akasusa chakula. Fizi nyeupe kama chaki, mkojo rangi ya kahawa. Nikajiuliza ni sumu gani inayomfuata mbwa asiyetoka uani. Nikampapasa, nikakuta kupe nyuma ya sikio. Nikasogeza jiko: wamejaa kwenye ufa wa ukuta, wakubwa kwa wadogo, wanaota moto kunishinda. Baridi ya nje inawahusu nini?

Nikamburuta mbwa hadi maabara ya zahanati. Mpimaji akalalamika kwamba pale si hospitali ya mbwa; nikamwambia damu ni damu, akacheka, akamtoboa sikio. Kwenye hadubini nikaona, ndani ya chembe nyekundu, vijidudu viwili viwili vimeshikana kwa ncha kama matone. Nilivitazama mpaka akaniuliza kama nimehamia. Daktari wa mifugo wa huku alipoona kioo kile chenye damu hakubisha, akamdunga mbwa sindano. Leo amekula.

Lakini sikutulia: kupe walifikaje huku? Nikageuza kila kitu nyumbani. Wamejificha kwenye pindo la blanketi ulilonitumia, lile walilokuwa wakilalia wagonjwa wako. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na hili sijakwambia. Blanketi lilikuwa kubwa, nusu nikamkatia jirani yangu mshonaji, alitandikie mbwa wake. Ndiye mbwa yule aliyekufa. Mimi ndiye niliyempelekea jibu lako la sumu, naye akamtuhumu mwenye bucha, kwa kuwa alizoea kumfukuza mbwa yule mlangoni. Sasa bucha haina mteja. Nimekwenda kwa mshonaji kueleza na kuomba radhi. Anasema daktari ni wewe, si mimi, na atakuamini wewe tu.

Wasalimie wote, wifi umkumbatie. Nawe panda gari uje. Simama mbele ya bucha mchana, watu wakiwapo, useme kwa mdomo wako kwamba mbwa yule aliuawa na kupe, na kupe walitoka kwako.

Dada yako