Papa wa Bi Mize

Rahma mjukuu wangu,

Huku tu wazima, na babu yako bado agombana na kuku. Waniuliza vipi mtu mmoja ananitosha kuandika riwaya saba.

Kabla ya Mapinduzi, nikiwa msichana hapa Wingwi, kila alasiri tukichambua karafuu niliwasimulia wenzangu kisa cha bibi mchoyo anayewaficha wageni papa wake mkavu. Wakicheka. Siku ya tatu jirani yetu, Bi Mize, akaacha kuchambua.

"Huyo ni mimi."

Nikainama kwa haya.

"Mbona husemi namwekea nani? Mwanangu yuko Mombasa. Akitokea ghafla, atakula nini?"

Tangu hapo namwandika. Katika riwaya zote saba mwanawe bado hajarudi, na yule papa sijathubutu kumpika.

Papa wako wewe nimemtundika jikoni. Njoo.

Bibi yako