Maji ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Machi
Samaki wa maji chumvi amefika. Wa manjano, mpana kama kiganja, ndani ya ndoo yenye mfuniko — na ndoo yenyewe mapajani mwa mjane. Mumewe, aliyefariki mwezi uliopita, alimfuga miaka tisa. Sasa mjane katupatia sisi wa zahanati, akae na wenzake watano kwenye tangi la ukumbini, wagonjwa wanaposubiri. Nikamweleza kwamba si leo. Mgeni hukaa karantini kwanza, peke yake, tangi dogo la lita thelathini stoo nyuma ya maabara yangu. Akauliza amekosa nini. Hajakosa kitu, Mama.

Alhamisi, 5 Machi
Vidoa vyeupe mapezini, kama chembe za chumvi. Nilijua! Angeingia ukumbini tungewazika wote sita. Nimeweka dawa ya shaba. Siku thelathini, na kipimo kisishuke hata siku moja — kikishuka, vijidudu vinapata nguvu na hesabu inaanza upya. Nimeandika 1 kwenye kioo cha tangi kwa kalamu ya maabara.

Jumanne, 10 Machi
Siku ya 6. Mama anakuja kila siku saa tisa kamili. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya maboksi ya glovu, mkoba mapajani, anamsimulia samaki habari za nyumbani. Bomba linavuja. Jirani kahama. Kwake pampu ya hewa imezimwa, anasema, na ukimya ule ndio unaomshinda. Mganga mkuu kaniambia stoo si sebule. Nimetia pamba masikioni.

Jumatatu, 16 Machi
Siku ya 12. Kipimo kimeshuka tena. Naongeza dawa, kinashuka. Miaka kumi na tisa napima damu za watu hapa, leo maji ya samaki yananitoa jasho! Nimepima mara nne. Nimefungua chupa mpya ya dawa. Yale yale. Namba sijaifuta bado, vidoa havijarudi.

Jumatano, 18 Machi
Nimemvaa mfagizi. Mbele ya wauguzi, nikamwambia anasuuza matambara kwenye tangi langu. Mtu mzima yule, tulianza kazi hapa mwaka ule ule. Akabeba ndoo yake akaenda zake. Jioni hakuniaga.

Ijumaa, 20 Machi
Nimeona kwa macho yangu.
Nilifuata glovu stoo, mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama kasimama, anachota maji ya tangi kwa kikombe, anamwaga kwenye sinki. Kisha akatoa chupa mkobani, akaanza kumimina. Polepole, kama anamnywesha mgonjwa.
Hakushtuka kuniona. Alinieleza bila wasiwasi kwamba samaki anakonda kwa maji ya ugenini, kwa hiyo anamletea ya kwao, kidogo kidogo kila siku.
"Marehemu aliyachanganya Jumamosi. Chumvi alipima kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu akafariki. Dumu zima alikuwa ameacha."
Kumbe ni maji hayo yasiyo na dawa yaliyokuwa yakishusha kipimo. Nikamwomba tu asimimine tena kwa sasa, dawa ifanye kazi. Akaitikia. Alipoondoka nikaongeza shaba mpaka kipimo kikakaa sawa. Halafu nikaketi pale kwenye kiti chake, nikalia. Sijui nilikuwa namlilia nani.
Kwa mfagizi sijaenda. Uso nitauweka wapi?

Jumatatu, 23 Machi
Vidoa vimerudi. Vingi kuliko mwanzo, na matamvua anayopumulia yanakwenda mbio. Mganga mkuu kasema kwa mkato: huyo atolewe, hatuna hospitali ya samaki. Nimeomba siku thelathini nyingine. Hajanijibu.
Mfagizi nimemwomba msamaha, mbele ya wauguzi wale wale. Akasema yamekwisha. Hayajaisha, nimeona.
Nimefuta 19. Nimeandika 1.
Saa tisa, Mama huyo. Akaiona namba kabla hajaketi.
"Ni yale maji yangu?"
Nikasema hapana, kifaa changu cha kupimia kilikuwa kibovu, kimetupotosha. Nilikuwa naongea na sakafu.
Akasema, "Marehemu naye alikuwa hajui kudanganya."
Ametoa chupa mkobani. Imejaa mpaka shingoni. Anasema dumu limekwisha, alikuwa amekinga hii ya leo tangu Ijumaa, kabla sijamkataza. Kaiweka mezani, karibu na daftari hili.
"Sasa haya nikayamwage wapi, mwanangu?"
Naandika ili nisimtazame. Sinki liko nyuma yangu, hatua mbili. Bado anasubiri.