Chonga na Mwana, Mafundi wa Mota

Mji wa Kale, Mombasa
3 Machi 1995

Mwanangu Kingi,
Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu lina kelele. Kifua chako kimepoa? Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa, ujue babako kalamu anaiweza.

Nasikia umeacha kazi ya umeme. Mimi Mji wa Kale wote na Bondeni nimewaambia mwanangu injinia, atarudi kushika karakana. Mota za mashine za kusaga za kisiwa hiki zimepita mikononi mwangu na hakuna iliyorudi. Nikichoka atazitengeneza nani? Katana fundi mzuri, lakini si mwanangu. Kibao nishakiandikisha, CHONGA NA MWANA, rangi bado mbichi. Waja lini?

Babako,
Chonga


Nairobi
20 Machi 1995

Baba,
Shikamoo. Kifua kimepoa, natumai goti nalo litatulia. Uliyosikia ni kweli. Sasa nasimamia vijana wanaoandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Tunamwandikia mteja mmoja ya kupanga mizigo kwenye ghala. Waya sishiki tena, wala karakanani sitarudi. Naomba radhi zako.

Mwanao,
Kingi


Mji wa Kale
2 Aprili 1995

Mwanangu,
Salamu. Goti lile lile. Vijana waandika, wewe watazama? Hata nyapara wa bandarini hushika kamba. Radhi hazitumwi kwa posta. Kibao hakishuki.

Babako


Nairobi
11 Novemba 1995

Baba,
Shikamoo. Barua zangu mbili hukuzijibu, natumai ni goti tu.

Miezi miwili iliyopita vijana walitaka kumkabidhi mteja ile programu. Ilikuwa imefanya kazi mara moja, wakasema imekwisha. Nikawaambia kwa babangu Chonga mota haitoki karakanani mpaka izunguke kutwa, fundi amekaa pembeni yake. Wakacheka, wakauliza mota iko wapi. Nikavuta kiti nikakaa. Alasiri programu ikakwama. Tukaitengeneza, tukaikalia tena kutwa nzima. Siku hizi vijana hukaa hata nisipokuwapo, na wenyewe wana neno lao: "Leo tunakaa Chonga."

Mwanao,
Kingi


Mji wa Kale
30 Novemba 1995

Mwanangu Kingi,
Salamu nyingi kwako na kwa hao vijana. Mimi mzima, ila goti limenishinda, kusimama kutwa siwezi.

Barua yako nimeisoma barazani Bondeni, mara mbili, wa nyuma hawakusikia. Mmoja akauliza watu wa Nairobi wamjulia wapi Chonga. Nikamwambia wale mafundi wangu, ninao tele huko, hatujaonana tu.

Zile radhi nilizosema hazitumwi kwa posta, hizi nimezituma, zipokee na usiniulize tena.

Ufunguo wa karakana nimempa Katana leo. Akapanda ngazi kukishusha kibao, nikamwambia ashuke yeye. Akasema, "Lakini mzee, Kingi haji. Watu wakiniuliza mwana yuko wapi?"

Nikamwambia, "Waambie yuko kazini."

Babako,
Chonga