Mama Anaogopa Lifti

Mdogo wangu wa mwisho,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima na bado unagombana na majirani. Siku nikisikia umenyamaza ndipo nitaingiwa na hofu. Sisi huku tunapumua. Anayeandika ni mkwe wangu, maana mimi na kalamu hatujuani, na nimemwambia asipunguze ukali wangu hata kidogo.

Umeniuliza narudi lini huko nyumbani kutoka huku kwa mwanangu, kwa kuwa chumba changu umeshakipaka rangi. Ahsante, mama. Subiri kwanza.

Nilikwenda kliniki kwa ajili ya magoti, Kijiti akanisindikiza. Unakumbuka mwanangu tulimpa jina hilo kwa wembamba. Leo ukimwona utadhani tulimkejeli. Kazi yake ni kukaa usiku kucha mbele ya kamera za jengo moja la ofisi, akitazama wenzake wanavyotembea. Yeye hatembei. Anakula chipsi, anakunywa soda, anavuta sigara, asubuhi anarudi hapa kwake, anapanda lifti na kulala na simu mkononi.

Muuguzi alinipima presha, akanitoa damu, akanipa kitu nikibane kwa kiganja. Kisha akasema nikunje mikono kifuani, niinuke kitini bila kushika popote. Nikainuka, nikakaa, nikainuka, mpaka akasema inatosha, bibi. Si bure nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Kijiti akacheka, akasema hayo hata yeye anayaweza. Muuguzi akamwambia haya baba, tuone. Akajitutumua, akarudi kitini pwa! Akajaribu tena. Kiti kililia, yeye hakuinuka. Watu wa kwenye benchi waliangua kicheko, na mimi mama yake nikawashinda wote.

Naye akapimwa kama mimi. Majibu yalipotoka, hakuna aliyecheka. Muuguzi alieleza kwamba mtu ana miaka aliyoishi, na mwili nao una umri wake, na hiyo miwili si lazima ilingane. Mimi wa sabini na kitu, mwili wangu ni kama wa sitini. Kijiti wa arobaini na mbili, wake uko huko huko. Yaani nilizaa mtoto, sasa nina rika! Muuguzi alisema hayo ni makadirio, si utabiri, na kwamba miaka ya kuzaliwa hairudi, ila ya mwili yaweza kurudi nyuma kidogo mtu akitembea, akilala vizuri, akila chakula cha maana na kuachana na sigara. Kijiti akajibu kwamba ataanza mwezi ujao. Baba yake naye alikuwa mtu wa mwezi ujao, na wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini.

Sikumkaripia. Ningemkaripia angeniletea kiti nipumzike, naye aendelee na sigara yake.

Sasa sikiliza, na akikupigia simu usiniumbue. Nimemwambia naogopa lifti. Nimesema mlango ule ukijifunga moyo unanipaa, siku moja nitafia humo. Basi kila jioni kabla ya kazi ananishusha kwa ngazi, tunazunguka mtaa eti magoti yangu yasigande, kisha ananipandisha mpaka ghorofa ya tano. Sigara atavutaje? Mkono mmoja ninao mimi, wa pili umeshika ukuta. Akishaondoka, mimi na mkewe, huyu mwandishi wangu, tunashuka dukani kwa lifti hiyo hiyo, tukijitazama kwenye kioo chake. Anaandika haya huku mabega yanamcheza kwa kicheko.

Kwa hiyo chumba mpe mpangaji. Nilikitamani, nisikufiche, lakini mwaka huu sirudi.

Mwanzoni alikuwa akisimama kila ghorofa, anahema, anadai ananisubiri mimi. Jana, ghorofa ya nne, mimi ndiye niliyesimama. Akaniambia pole mama, hatuna haraka, na wala hakuwa akihema. Nikamjibu nimechoka. Hapo sikumdanganya.

Wasalimie wanaoniulizia, wasioniulizia waache walivyo.

Ni mimi dada yako,
mwoga wa lifti