Jibu Nililompa Nesi Rehema

Mama,

Wiki iliyopita nilimwambia mtu kwamba uko hai. Sijamwambia yeyote jambo hili, hata mama mdogo Zaina, ninayekaa naye hapa Korogwe tangu tulipokuzika kule Mkata.

Aliyepiga simu ni Nesi Rehema, yule wa utafiti, aliyekuja kitandani kwako kabla hujapasuliwa kichwa. Unakumbuka alivyotueleza: wagonjwa wengine wakishatolewa damu iliyoganda kichwani wanaachiwa mrija wa kutoa mabaki kwa muda, wengine hawaachiwi, na madaktari wanataka kujua ni wepi wanaopona vizuri zaidi. Wewe uliachiwa.

Nilikuwa nachambua mchele uani. Akauliza, "Mama hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojibu salamu njiani. Ningeweza kulirudisha. Lakini, Mama, siku hizi hakuna anayeniuliza habari zako. Watu wananipa pole tu. Kwa dakika ile ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umenyoosha miguu. Akauliza kama unatembea, kama unapika, kama unasahau vitu. Nikamjibu vizuri yote. Nikasema tumehamia kwa mama mdogo, na wewe umetoka kidogo.

Akasema, "Alhamdulillahi. Basi nakuja kumwona Alhamisi."

Akanieleza kwamba utaratibu umebadilika, simu peke yake haitoshi tena. "Kwenye simu wagonjwa wetu wote ni wazima, mdogo wangu," akacheka. "Tukifika nyumbani tunamkuta mtu analishwa."

Alhamisi ni kesho.

Sikuanza kudanganya wiki iliyopita, na wewe unajua. Uliporudi kwenye meza yako ya mihogo kando ya barabara, wenzako waliuona upara wako wakapiga vigelegele: "Mwali katoka!" Ukawajibu, "Leteni zawadi basi, mnanitazama tu?" Wote wakacheka. Hawakuona mkono wako wa kulia ukidondosha kisu. Mimi niliona. Niliona ukitapika asubuhi nyuma ya jiko, halafu ukafukia kwa mguu ili nisijue. Nesi alipopiga mara ya kwanza ulinishika goti ukaninong'oneza, "Mwambie sijambo. Wataniita hospitali, na wewe una mtihani."

Nikamwambia hujambo. Wiki mbili baadaye ulianguka, na mimi nilikuwa ndani ya chumba cha mtihani.

Msibani mama mdogo alimwambia kila aliyeingia, "Kaondoka ghafla, alikuwa mzima kabisa." Nilikuwa pembeni yake. Nikanyamaza. Namwogopa yeye kuliko nesi, Mama. Naogopa aniulize, wewe ulijua?

Lakini kwenye karatasi za Nesi Rehema wewe ni mtu aliyepona. Daktari atazisoma, kisha atamwambia mgonjwa mwingine, labda mama fulani wa Dindira aliyeteleza kwenye shamba la chai akaumia kichwa, kwamba wenzake wamerudi kupika. Binti yake atamwona anadondosha kisu, na yeye atadhani ni kawaida. Hapo ndipo ninaposhindwa kula.

Nimeyafikiria maswali yale. Ukimuuliza mtu "hajambo?" umeshamwekea jibu mdomoni. Kama angeniuliza, "Jana nani alisonga ugali?" ningesema "mimi" kabla sijawaza. Nani alikufunga kilemba? Mimi. Nani alikushika mkono kuvuka barabara? Nitamwambia aulize hivyo. Unanijua, darasani sikunyoosha mkono hata nilipokuwa na jibu. Kwa hiyo nimeyaandika nyuma ya daftari, nikishindwa kusema nimpe asome.

Nesi aliniachia nichague saa. Ningeweza kumwita alasiri, mama mdogo akiwa sokoni. Leo asubuhi nimemtumia ujumbe aje saa nne, wakati mama mdogo yupo. Nimeutuma, kisha nikaizima simu nisije nikabadili saa. Nitasema mbele yao wote wawili kwamba umefariki, na nitasema niliyokuwa nayaona. Mama mdogo akinifokea, anifokee. Akilia nitakaa naye.

Sikulaumu, Mama. Ulitaka nimalize shule, na nimemaliza. Ila nakuahidi: mtu akiniuliza tena hali ya mgonjwa wangu, nitasema ninachokiona, hata mgonjwa mwenyewe akinishika goti.

Pumzika. Na haya niliyokuambia yabaki kwako. Hata ukikutana na Bibi huko, usimwambie kwanza. Nataka mama mdogo ayasikie kwangu, kesho saa nne.

Mwanao,
Mwanaidi