Tairi Ulizomletea Baba Yako

Ait Usammer,
Milima ya Azilal,
10 Mei 2003.

Mpendwa mwanangu Itto,

Salamu nyingi za shangazi yako ziwafikie mkiwa wazima. Hujambo? Mume wako Driss hajambo? Na mjukuu wetu Ziri, ameshaanza kutambaa, au bado anabebwa kama sultani? Huku sisi wazima. Magoti yangu huuma mvua ikikaribia, kwa hiyo nimepata heshima: watu huniuliza kabla ya kuanika shayiri.

Lozi zimezaa vizuri. Mbuzi wa jirani walikula za matawi ya chini. Jirani tumemsamehe, mbuzi bado.

Sasa hizo tairi. Zilifika zote nne. Baba yako alizilaza sebuleni siku tatu, na kila mgeni akanyweshwa chai na kuonyeshwa. "Hazina tyubu ndani," aliwaambia. "Binti yangu ndiye aliyezichagua." Mzee Bassou akamtania, "Aqqa, tairi bila tyubu ni kama wewe bila kilemba. Zitapata mafua!" Baba yako hakucheka.

Nakueleza ambalo yeye hatakueleza. Rimu za lori lake ni za zamani, zimeunganishwa kwa ribiti. Zamani tyubu ndiyo iliyoshika upepo, sasa upepo unapenya kwenye ribiti. Tulipolizamisha gurudumu kwenye hodhi la kufulia, mapovu yalitoka kama sufuria ya supu ya harira.

Baba yako akazipaka ribiti lami ya mreteni, ile tunayopaka ndani ya viriba. Uhmad, fundi wa pancha pale sokoni, alicheka mpaka akakaa chini. "Ba Aqqa, unabeba watu au maji?" Lami ilishika siku mbili. Siku ya tatu jua likaiyeyusha, tukabaki na harufu.

Uhmad alipomaliza kucheka alisema dawa ni moja: tyubu za saizi yake ziingizwe humohumo ndani ya tairi zako. Wenye rimu kuukuu wengi hufanya hivyo. La sivyo, upepo ukipungua kwenye zile kona za mlimani, tairi itachomoka kwenye rimu. Unazikumbuka kona zenyewe. Ukichungulia pembeni unaona mwewe migongo.

Baba yako amekataa. "Mwanangu kaniletea za bila tyubu. Nikitia tyubu, si nimemwambia zawadi yake haifai?"

Nikamwambia, "Kaka, Itto hayuko huku achungulie chini ya lori."

"Mungu yupo," akasema.

Mtu akishamweka Mungu chini ya lori, utamjibu nini?

Basi kila alfajiri, nikipanda darini kwangu, namwona amechutama kwenye magurudumu na pampu ya mguu, anasukuma taratibu asisikiwe. Umri wake sabini na mmoja, Itto. Akimaliza huzifuta tairi vumbi kwa mkono wa joho lake la jilaba, moja moja, kisha huificha pampu chini ya gunia. Saa mbili hutoka tena kama mtu aliyeamka sasa hivi. "Mnaona? Upepo haujapungua hata chembe!" Na kila Alhamisi, siku ya soko, sisi wanawake tunasoma Fatiha, tunapanda lori kwenda sokoni.

Ningenyamaza kama ingekuwa roho yangu tu, ambayo imeshatumika sana. Lakini ameapa kwamba Julai atakwenda mwenyewe Beni Mellal kukupokea kwenye basi, wewe na Ziri, kwa lori hilohilo.

Mwandikie. Usiseme umesikia kwangu. Sema uliulizia huko, ukaambiwa kwamba kwa rimu za zamani tairi hizi hutiwa tyubu. Andika kwa herufi kubwa, maana barua zako hampi mtu amsomee. Mstari mmoja unatosha: "Baba, tia tyubu, ndivyo ninavyotaka." Sisi wote tumemwambia, akaona tunaidharau zawadi yako. Wewe ukimwambia, ataona umemletea nyingine.

Nisalimie Driss, na dada yake Fadma. Bassou anakusalimu, na mke wake pia, ingawa wamenuniana na kila mmoja amenituma kivyake. Mungu akulindie huyo Ziri unayembeba na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye ukiwa mbali na ukiwa karibu,
Tuda